Wapangaji wa Dimbwini

Masikio ya Bibi hayalipi nauli, ndiyo maana, ndani ya basi, yalikuwa yamehamia kiti cha mbele yake. Pale binti mwenye kamera alikuwa akimwonyesha picha jirani yake, baba mmoja mwenye buti za matope.

"Ndege huyu, kukuziwa, baba, analalia mayai sita kwenye lile dimbwi la nyuma ya gereji, katikati ya mji hivi hivi. Wiki tatu nampiga picha nimevaa gauni hili hili. Nikibadilisha, anakimbia."

"Na kufua?"

"Nafua jioni, asubuhi nalivaa bichi."

Baba akacheka mpaka mabega yakatikisika, kisha kicheko kikamkatika. "Mwanangu, dimbwi hilo nalifukia mimi. Kesho asubuhi, na tingatinga."

Binti akaishika kamera kwa mikono miwili. "Wanaanguliwa Ijumaa, baba. Siku nne tu. Anzia upande wa barabara."

"Ndiyo unifundishe kazi? Mimi natumwa, mama. Nikizubaa, kiti changu cha tingatinga kinapata mtu."

Bibi akashindwa kuvumilia. "Kitendawili!"

"Tega," wakaitikia wote wawili, kabla hata ya kugeuka kuona anayetega ni nani.

"Nina wapangaji sita. Ijumaa watabomoa nyumba wenyewe, bila tingatinga."

"Vifaranga mayaini," baba akajibu upesi, kisha akaitazama tena ile picha.

Basi likasimama kituoni kwake. "Sijaahidi kitu," akasema akishuka. Kondakta alikuwa akigonga mlango, naye baba bado amesimama chini ya dirisha. "Hebu niambie, mwanangu, kiota kiko upande gani hasa?"