Truphena Kavutha Ngui, Aliyengoja Kiangazi

Truphena Kavutha Ngui alikuwa binti wa Ngui Mutie, mchonga vinyago wa Pumwani, aliyekataa kuziba ufa kwa nta hata mnunuzi awe amesimama mlangoni. Ngui alikuwa mwana wa Kavutha wa Wamunyu, aliyeongoza akina mama kuchimba bwawa ambalo ng'ombe wanakunywa mpaka leo. Jina marehemu alilitoa kwa huyo nyanya, na kichwa kigumu pia.

Alizaliwa Pumwani tarehe 14 Machi 1966, kitinda mimba wa mzee Ngui. Alisoma shule ya msingi Shauri Moyo, kisha sekondari Machakos, akamaliza mwaka wa 1984. Sisi ndugu zake wakubwa tuliishia darasa la saba, na barua zote za nyumbani alizisoma yeye.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kupiga taipu kwa wachapishaji, Industrial Area. Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa kanisani na Laban Opicho, dereva kutoka Bungoma. Alipokuja kuposa, mzee wetu alimuuliza, "Kijana, huyu utamweza?" Laban akajibu, "Siendi kumweza, mzee. Naenda kuishi naye." Akapewa siku hiyo hiyo.

Mwaka wa 1998 alianzisha jarida lake, Kampuni na Jirani, kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwake Buruburu. Lilikuwa jarida la biashara, lakini faida peke yake haikumtosha. Aliuliza kampuni inaishije na wafanyakazi wake, na wale wanaopakana na ukuta wake.

Toleo la kwanza lilimfunza. Kampuni moja ilipanda miti kando ya barabara, mvua ikinyesha, mkubwa wao akapigwa picha ameshika jembe. Kavutha akaiweka kwenye jalada. Kufika Septemba, jirani yetu Muhonja, aliyeuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akamwita mtaa mzima ukisikia: "Mama Triza! Ile miti ya gazeti lako nimeipikia githeri. Inawaka hiyo!"

Watu walicheka. Naye alicheka, kisha akaingia nyumbani akalia. Jalada lililofuata lilikuwa picha ya jiko la Muhonja. Kampuni ikaondoa matangazo yake, naye hakubembeleza. Tangu hapo, sifa iliyoletwa wakati wa mvua ilingoja kiangazi, aende akaone mwenyewe.

Figo zilianza kumsumbua mwaka wa 2022. Alivumilia matibabu bila kununa, akisahihisha kurasa kitandani. Alituaga tarehe 9 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Laban. Amemwacha mumewe, watoto wake Triza na Griffins, mjukuu mmoja, na mimi dada yake Nthoki ninayesoma haya. Mungu ampe usingizi mzuri, alichoka.

Limebaki jambo moja. Mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, kampuni fulani iliwachimbia kisima watu wanaopakana na ukuta wake huko Komarock. Wenye kampuni wameomba habari hiyo itoke katika toleo la kumkumbuka marehemu. Wako nasi hapa, na hema hili ni lao. Tunawashukuru.

Lakini wiki moja kabla hajatuacha, Triza alimuuliza, "Mama, si tuichapishe tu? Kila wiki gari lao linakupeleka hospitali."

Akamwambia, "Washukuru kwa mdomo, mama. Jarida lingoje. Septemba uende wewe mwenyewe, usipitie ofisini kwao. Fungua mfereji wa kisima, uone."

Triza, umesikia mbele ya watu. Septemba uende.