Mstari Ulioruka: Maisha ya Fundi wa Visima Hezekia Ntandu Mghenyi

Shikamooni wazee wetu, na ninyi wengine wote mliofika kutoka Mungaa, Ikungi, Singida mjini na hata Kilimatinde, poleni na jua na poleni na msiba, familia imemtuma Agnes, mkwe wa marehemu, mke wa Peniel, awasomee maisha ya baba yetu, na sauti ikikimbia mtamvumilia, mtoto yuko mgongoni na yeye naye hajazoea watu wengi hivi.

Marehemu Hezekia Ntandu Mghenyi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 hapa hapa Mungaa, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Yeremia Mghenyi na Mama Asnath, wote wametangulia, akabatizwa mwezi Oktoba mwaka huo huo, akaanza shule ya msingi mwaka 1970 na kumaliza darasa la saba mwaka 1976, na ingawa hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, alikuwa akisema mwenyewe kwamba hesabu hazikumshinda, ila nafasi zilikuwa chache na wenye akili walikuwa wengi.

Kuanzia mwaka 1977 alilima na kuchunga ng'ombe wa baba yake, na mwaka 1984 akaenda Kilimatinde kujifunza ufundi wa bomba na pampu kwa fundi Urbano, akakaa kule miaka mitatu, akarudi na spana zake mbili na jina la fundi, na tarehe 3 Septemba 1988 akafunga ndoa na Mama Leah, aliyeketi pale mbele yenu, wakajaliwa watoto watano, wajukuu tisa, na wa mwisho ndiye huyu aliyelala mgongoni.

Mwezi Februari 2009 mradi wa maji vijijini ulimchukua marehemu kuwa mtunza orodha ya visima tisini na sita vya pampu za mkono, akakabidhiwa kompyuta ya mkononi, ndogo kama kitabu cha nyimbo, yenye kalamu ya plastiki ya kugusia kioo, na ndani yake programu ya kufungua na kuhariri hifadhidata, maana yake visima vyote vimepangwa kwa mistari, kila kisima na mstari wake, ukiugusa unaona namba, kitongoji, kina, hali ya maji na hatua ya kuchukua, na ukitaka kubadilisha neno unalibadilisha pale pale. Watu walicheka, darasa la saba na kompyuta, lakini yeye hakutaka kujifunzia kwenye visima vya watu, akaandikisha kwanza kuku kumi na tisa wa mkewe, kila kuku na namba yake, rangi yake na tarehe aliyoanza kutaga, hata Mama Leah akamuuliza, "Baba Peniel, na mimi nimo mstari wa ngapi?" naye akamjibu kwamba wewe ndiye mwenye orodha, na baada ya mwezi mmoja aliweza kukutajia kisima chochote cha eneo hili kwa haraka kuliko karani wa mjini mwenye kompyuta ya mezani.

Sasa ndugu zetu, hapa Baba Mdogo Marko aliuliza jana kama kuna haja ya kuyasoma yanayofuata, leo, mbele ya wageni, na lilikuwa swali la upendo, lakini marehemu aliacha neno kwamba yasomwe yote, tena asome Agnes, na sababu ya kumtaja Agnes mtaisikia.

Tarehe 7 Machi 2011, baada ya mvua zilizojaza korongo na kuingiza maji ya vyoo katika baadhi ya visima, marehemu aliletewa karatasi ya vipimo vya maji kutoka mjini, akakaa peke yake kuingiza majibu katika kompyuta, na orodha ilikuwa imepangwa kwa hali ya maji, visima vizuri upande wake na vibaya upande wake. Alipofika kisima cha kitongoji cha Mtoni akaandika kwamba maji ni mabaya, na alipoandika tu, mstari ule ukaruka kwenda kwa wenzake wabaya, ndivyo programu ile ilivyofanya kazi, na mstari wa kisima kingine ukaja chini ya kalamu, naye akili imeshatangulia mbele, hakuangalia, akaandika neno "funga" kwenye mstari uliokuja, ambao ulikuwa wa kisima cha Mlimani, chenye maji mazuri kabisa. Orodha ya visima vyenye neno "funga" ikachapwa, mafundi wawili wageni wakatumwa nayo, wakang'oa mpini wa pampu ya Mlimani na kuondoka, na kule Mtoni watu wakaendelea kuchota na kunywa.

Siku ya tisa, tarehe 16 Machi, wanawake wa Mlimani walifika nyumbani kwake na ndoo tupu, wakiongozwa na mjumbe wao Mama Winfrida, na baada ya salamu Mama Winfrida akasema, "Kaka Hezekia, hicho kidubwasha chako kilikunywa maji ya kwetu lini hata kikajua ni mabaya?" na wenzake wakaangua kicheko. Angeweza kuwaambia kwamba mambo ya kompyuta hawayajui, wangapi tungesema hivyo, lakini yeye aliwakaribisha, akaitoa ile karatasi ya vipimo, akaifungua orodha mbele yao, akafuata mstari kwa kidole mpaka mwisho, na mwenye kusimulia haya ni Mama Winfrida mwenyewe, anasema walimwona akibadilika rangi, akasimama akasema, "Dada zangu, maji yenu ni mazima, kilichoharibika ni mkono wangu," akachukua spana na baiskeli, hakuaga hata mkewe.

Mtoni ni kilomita kumi na moja, alipofika akakuta foleni ya ndoo, mama mmoja akamwomba, "Fundi, ngoja nijaze hii moja tu," akakataa, akang'oa mpini pale pale, akauliza nyumba kwa nyumba nani anaharisha, wakapatikana watoto sita. Mmoja wao alikuwa Agnes, binti wa Mzee Gerald, umri miaka kumi, ambaye siku hiyo hakuweza kusimama, na marehemu akamfunga kwa kanga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli akamkimbiza zahanati, Mzee Gerald akifuata kwa miguu huku akipiga kelele kwamba akiiona tena ile mashine ataivunja kwa jembe, na marehemu akazidi kukanyaga pedali. Watoto wote sita walipona, Mungu ashukuriwe, na mmoja wao ndiye anayesoma karatasi hii.

Mkubwa wa mradi alikuja na gari, mpini wa Mlimani ukarudishwa, akamshauri kwa wema kwamba katika mkutano wa kijiji waseme kifaa kilikuwa na hitilafu, neno hilo lingetosha na kazi yake ingebaki salama, na ikumbukwe alikuwa na watoto watano na Peniel ndiye kwanza yuko darasa la saba. Marehemu alisimama mkutanoni tarehe 22 Machi akasema, "Kompyuta haina mdomo wa kujitetea, mimi ninao wa kukiri, niliandika bila kusoma nilichoandika," na jioni hiyo hiyo kifaa kikachukuliwa, na watu wakajua ndiyo basi tena.

Lakini hakukaa nyumbani, kwa miezi minne aliomba orodha iliyochapwa akazungukia visima vyote tisini na sita kwa baiskeli na kwa miguu, akilinganisha mstari na kisima, akapata makosa mengine mawili ya kina, akayapeleka mwenyewe bila kuulizwa. Na ulipoitishwa mkutano wa kumtafuta mtunza orodha mpya, majina matatu yakatajwa, aliyenyoosha mkono ni Mzee Gerald wa Mtoni, tena na jembe analo begani, akasema, "Apewe huyu huyu, hawa wengine bado hawajatuambia makosa yao, ila asiandike tena peke yake," watu wakapiga makofi, na tarehe 1 Agosti 2011 akarudishiwa kazi.

Tangu siku hiyo mpaka mwaka huu hakuna neno lililobadilishwa katika orodha ile bila watu wawili, mmoja anasoma karatasi, mwingine anahariri, kisha anausoma mstari wote kwa sauti, kuanzia namba ya kisima mpaka neno la mwisho, ndipo wanakwenda mstari mwingine, na kompyuta ile ilipochakaa mwaka 2018 orodha ikahamia kwenye kishikwambi, visima vikiwa vimefika mia mbili na kumi na viwili, utaratibu ukabaki ule ule. Aliwafundisha mafundi thelathini na mmoja, wengine wametoka Iguguno na Itigi, na kila mmoja somo lake la kwanza lilikuwa mstari ulioruka, hakumficha mtu. Agnes alipoolewa mwaka 2022 akiwa na kidato cha nne na hana kazi, marehemu alimpa kiti pembeni yake akamwambia, "Wewe utakuwa msomaji wangu, ukisikia naharakisha nipige kofi," na hakuwahi kupigwa.

Marehemu aligunduliwa na shinikizo la damu mwaka 2019, akatumia dawa bila kukosa, tarehe 2 Juni 2025 akaanguka akiwa kisimani, akapelekwa hospitali ya mkoa, akahudumiwa kwa siku tisa, na tarehe 11 Juni 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, akatutoka akiwa na miaka sitini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza na kumlisha kama baba yao, majirani mliofunga maturubai na kuchota maji bila kuhesabu safari, wachungaji na masheikh mliokaa nasi, mafundi wenzake wote, na watu wa Mtoni na Mlimani, ambao mlikuwa na kila haki ya kumkataa na hamkumkataa.

Siku mbili kabla hajafariki alimpa Agnes kishikwambi, na Agnes akamwambia, "Baba, mimi naogopa, nikikosea watakunywa watoto, na sasa na mimi ni mzazi," akajibu kwa sauti ndogo sana kwamba anajua anaogopa, ndiyo maana hakumpa mwingine, amtafute tu wa kumsomea karatasi. Basi mbele yenu wote, Agnes anamwomba Mama Winfrida awe msomaji wake, na kama amekubali ainue mkono.

Ameinua. Baba, orodha ina watu wawili, pumzika kwa amani.