Kwa Niaba ya Familia, Kuhusu Protini ya Panya

Mheshimiwa Mkuu wa Idara. Profesa uliyemsimamia mkwe wangu. Wahadhiri, watafiti na mafundi wa maabara. Wazazi wenzangu mliokaa kwenye viti vya plastiki, na wageni mliokaa kwenye vile vyenye mito. Wahitimu wetu wa leo, na hasa wewe mke wa mwanangu, ambaye hukuulizwa kama unataka mimi nizungumze: habari za mchana.

Mshereheshaji amenipa dakika tano na akanisihi nichangamke. Dakika nitazitunza. Hilo la pili siahidi. Kabla ya kustaafu nilikuwa mtahini wa madereva, kazi ambayo mtu anakaa pembeni ya dereva, hasemi kitu, hacheki, na anaandika. Sura hii niliivaa kazini na ikagoma kuvulika, hata kwenye harusi ya hawa wawili. Katika picha zote naonekana kama nimekuja kukagua matairi.

Mwanangu alipomleta binti huyu nyumbani, nilimuuliza anafanya kazi gani. Akajibu, "Mama, natengeneza protini ya panya." Nikamuuliza hao panya anawatoa wapi. Akasema panya hawapo. Nikamtazama mwanangu. Mwanangu akatazama dari. Nikasema moyoni, haya, tumepata.

Baadaye alinieleza vizuri, na kwa kuwa naona mashangazi wa hapa mbele wanaitikia kwa adabu tu, nitarudia kama nilivyoelewa, na Profesa atanisahihisha akimaliza soda yake. Ndani ya kila seli ya mwili, wako na wa panya, mna maelekezo ya uhai yanayoitwa DNA. Maelekezo hayo huharibika kila siku, hata kwa kupumua tu. Kuna protini ambayo kazi yake ni kupita juu yake, kutafuta herufi iliyoharibika na kuikata itoke, ili nzima iwekwe mahali pake. Bila protini hiyo, sote hapa tungekuwa tumeshaharibika zamani, wenye mito na wasio na mito. Sasa, ukitaka kuichunguza lazima uwe nayo nyingi, na panya hakupi ya kutosha. Kwa hiyo wanachukua jeni ya panya, wanaipandikiza ndani ya bakteria, bakteria wanalishwa mchuzi na kutikiswa mahali penye joto, nao wanaitengeneza ile protini wakidhani ni yao. Kisha wanapasuliwa, na protini inachujwa, inachujwa tena, mpaka inaingia kwenye kichupa kidogo kuliko kidole chako cha mwisho. Mkwe wangu alikitunza kichupa hicho kwa uangalifu ambao mwanangu aliutaja mara moja mezani, na hakuutaja tena.

Na protini ile ilifanya kazi. Ilifanya kazi vizuri mno. Ukiipa DNA iliyoharibika, inakata papo hapo. Profesa alifurahi. Maabara nyingine ziliomba vichupa, zikapelekewa. Tarehe ya kutetea tasnifu ikapangwa, na idara ikamwahidi nafasi ya uhadhiri. Mimi nikapeleka kitambaa kwa fundi nishonewe gauni.

Nawauliza, ndugu zangu: mtu mwenye akili timamu akifika hapo anafanya nini? Si anapumzika? Si anakula, analala? Mkwe wangu akaenda kutengeneza protini iliyokufa.

Msishtuke. Ni ileile ya panya, ila pale penye makali amebadilisha sehemu moja tu, isiweze kukata kitu chochote. Hakuna aliyemtuma. Alitaka tu kuiona ikishindwa, ili awe na hakika kwamba ile nzima inashinda kwa nguvu zake. Akaipa DNA iliyoharibika. Ikakata.

Jumapili iliyofuata walikuja kwangu, tukakaa jikoni tunamenya viazi. Yeye alimenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kama gololi. Nikamwambia, "Mwanangu, hicho kimekukosea nini?" Akasema, "Mama, maiti yangu inafanya kazi."

Ndipo akanieleza kwamba bakteria nao wana protini yao ya kurekebisha DNA, yenye kazi ileile, tena hodari sana. Kiasi kidogo, kidogo hata hakionekani, kilikuwa kimepenya machujio yote na kujificha kichupani. Yaani yale yote aliyomsifia panya, huenda aliyeyafanya ni bakteria.

Hapo nilimwelewa mkwe wangu kuliko siku zote. Gari la kujifunzia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu wake. Mpira unaingia barabarani, gari linasimama vizuri kabisa, wazazi wanapiga makofi. Kazi yangu maisha yangu yote ilikuwa kuuliza: aliyekanyaga ni nani?

Mwanangu, ambaye namsifu hapa mbele yenu kwa kumpenda mkewe, akasema, "Kwani hilo jaribio nani alilitaka? Liache. Tetea kwanza, mengine utasema ukishapata kazi." Mkwe wangu akanigeukia mimi. "Mama, ungekuwa wewe?" Nikamjibu, "Ningekurudisha uanze upya." Nilisema hivyo huku naendelea kumenya. Akainuka kwenda kunawa mikono, akakaa huko muda mrefu, maji yanamwagika. Nilijua analia, na nilijua si vitunguu, maana vitunguu hatukuwa navyo. Iliniuma. Ila jibu sikuwa na lingine.

Jumatatu akaenda kwa Profesa. Nasikia, Profesa, ulimuuliza kama ana hakika, kisha ukamuuliza tena. Kisha ukaahirisha utetezi. Heshima yako kwa hilo, maana wapo ambao wangemwahirisha mwanafunzi. Mkwe wangu akaziandikia maabara zote zivitupe vile vichupa. Moja ikamjibu kwamba vya kwao vinafanya kazi vizuri sana, asante. Nafasi ya uhadhiri akapewa mwingine. Ni kijana mzuri, namwona pale nyuma ya spika. Usijifiche, baba, wewe hujakosea kitu.

Akatafuta bakteria walioondolewa ile protini yao, akaanza tena mchuzi, kutikisa, kupasua, kuchuja. Safari hii iliyokufa ilikaa kimya kama inavyoipasa maiti. Na nzima ikakata. Polepole. Kumbe protini ya panya, ikiachwa peke yake, ni mvivu wa kupindukia: inaishika DNA, inakaa nayo, inakata, halafu haitaki kuondoka. Mkwe wangu alikuja kunipa habari hiyo akicheka mpaka akashika ukuta. Sijapata kuona mtu aliyepoteza kiasi kile akifurahi kiasi kile. Hiyo ndiyo tasnifu aliyoitetea, na ndiyo iliyomvisha joho mnaloliona. Najivunia yeye. Nalisema kwa mdomo kwa sababu usoni hamtalipata.

Sasa nimebakiwa na jambo moja. Mheshimiwa Mkuu wa Idara, kule koridoni, mkabala na ngazi, palikuwa na bango kubwa la kuisifu maabara hii. Katikati yake kuna mstari mwekundu unaopanda wima. Ni matokeo yale ya kwanza, ya bakteria. Mkwe wangu aliomba libanduliwe. Aliomba kwa adabu, zaidi ya mara moja, akaambiwa wageni wanalipenda. Naamini. Ni mstari mzuri. Lakini chini yake limeandikwa jina lake, na jina lake la mwisho ni la marehemu mume wangu. Alilichukua siku ya harusi, hakulazimishwa na mtu. Mume wangu hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha jina, na aliliacha safi.

Leo nimefika mapema kuliko mshereheshaji. Bango liko chini ya kiti changu, limekunjwa vizuri, na pini zake zote zimo kwenye mkoba. Mkwe wangu hakujua lolote mpaka dakika hii, kwa hiyo msimtazame hivyo, nitazameni mimi. Bango lake la kweli, lenye mstari unaojikongoja, limesimama nyuma ya mlango wa maabara tangu lichapishwe. Kubandua niliweza, kwa kupanda kiti. Kubandika kunataka mtu mrefu, mwenye cheo, ambaye akishabandika hapana atakayethubutu kubandua.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Mheshimiwa, tafadhali, tangulia.