Wasifu wa Mshereheshaji Aliyewaingiza Maharusi kwa Mlango wa Nyuma

Ndugu, jamaa, majirani, na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, karibuni. Mliosimama juani sogeeni chini ya turubai, nafasi bado ipo. Tunayemsomea wasifu huu ni kaka yetu mkubwa, mshereheshaji mliyemzoea kwa jina la Bwana Shangwe, na aliyeuandika ni dada yake anayemfuata kwa kuzaliwa. Marehemu alikuwa mtu wa kuchekesha, kwa hiyo msione haya kucheka. Lakini tusidanganyane: familia hii ina huzuni, na juu ya huzuni ina hasira, na vyote viwili vimo humu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao ambako baba yetu alikuwa mpiga randa. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto alilia kwa sauti iliyoishinda misumeno ya kiwandani, hata mkunga akamtazama na kusema, “Huyu hatapotea sokoni.”

Alisoma shule ya msingi ya hapo mtaani kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Kwa ajili ya sauti yake, mwalimu mkuu alimpa kazi ya kutangaza vitu vilivyopotea wakati wa mstari wa asubuhi. Siku moja alikiinua kiatu juu akatangaza, “Kimepatikana kiatu kimoja cha kushoto. Mwenye mguu wa kushoto ajitokeze!” Shule nzima ikapiga hatua mbele. Mwalimu mkuu alimchapa viboko viwili, kisha akaingia ofisini, na waliokuwa karibu na dirisha walimsikia akicheka peke yake. Masomo ya darasani yaliishia hapo, kwa kuwa mwaka ule msumeno ulimkata baba vidole na mkubwa akalazimika kusaidia nyumbani.

Mwaka 1973 aliajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akipima misumari na kukata mabati. Mwaka 1980 binti wa mwenye duka aliolewa, mshereheshaji hakutokea, na tajiri akamwambia, “Wewe unayepiga kelele dukani kutwa, kamata kipaza sauti.” Hakukiachia tena. Kwa zaidi ya miaka arobaini hapakuwa na harusi, mahafali wala uzinduzi wa kisima mtaani kwetu bila yeye.

Na mkewe alimpata kazini. Katika harusi moja zipu ya gauni la bibi harusi ilipasuka mezani mbele ya wageni wote. Fundi aliyelishona, msichana mwembamba mwenye pini mdomoni, aliingia chini ya meza kwa magoti kwenda kulirekebisha. Bwana Shangwe aliona, akaanza kuhutubia juu ya uvumilivu katika ndoa ili watu wamtazame yeye. Alihutubia mpaka bwana harusi akaanza kutokwa na jasho. Kidole gumba kilipochomoza pembeni ya kitambaa cha meza, akasema, “Kwa hayo machache, tule.” Walioana Jumamosi, tarehe 3 Desemba 1983, na gauni alilishona bibi harusi mwenyewe, safari hii bila zipu. Mungu aliwajalia mtoto wa kiume na wa kike. Wifi yetu akawa fundi wa mashela, yeye akawa mwenye kipaza sauti, na mara nyingi walikwenda harusi moja, kila mmoja na mkoba wake.

Marehemu alikuwa na mzaha mmoja ambao watu waliungoja. Saa ya zawadi ilipofika, aliigeukia milango na kunguruma, “Bawabu, funga! Hakuna kutoka mpaka zawadi zitolewe!” Watu walivunjika mbavu. Wengine walijifanya wanakimbia.

Jumamosi, tarehe 18 Juni 2011, alasiri, aliutoa mzaha huo katika ukumbi ulio nyuma ya soko la matunda. Watu walicheka kama siku zote. Wageni walikuwa bado wanapanga foleni ya zawadi magaidi walipoingia kwa mlango wa mbele, wakaanza kupiga risasi. Watu walikimbilia mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Ulikuwa na mnyororo na kufuli. Mwenye ukumbi aliufunga kila wikendi ili wazamiaji wasiingie kula bure, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa msimamizi, aliyekuwa nje akipanga magari. Waliofia mlangoni pale walikuwa wengi kuliko waliofia ndani ya ukumbi. Wifi yetu alikuwa mmoja wao. Alikutwa amemkumbatia bibi harusi, ambaye alipona.

Tulimwambia kaka yetu mara nyingi kwamba mnyororo haukufungwa na mzaha wake. Uliwekwa asubuhi, na mtu aliyethamini sahani za pilau kuliko roho za watu. Alisikiliza, kisha akasema, “Najua, dada. Lakini walikuwa wanacheka, na mlango kweli umefungwa.” Hakuurudia mzaha ule hata siku moja.

Katika maziko ya pamoja, kiongozi mmoja alisimama mbele ya majeneza akaahidi sheria ya kulinda kumbi na mikusanyiko ndani ya mwaka. Marehemu alipiga makofi. Tunataka mjue hilo, kwamba alipiga makofi, kwa sababu aliamini.

Mwaka ukapita, na mingine ikafuata. Muswada wa kwanza ulisomwa mwaka 2014 ukafa bunge lilipovunjwa kwa uchaguzi. Wa pili ukaja mwaka 2019, na kamati ikauchuja: sheria iwaguse tu wenye kumbi za watu zaidi ya elfu moja, wadogo wasibebeshwe gharama. Ukumbi alimofia wifi yetu ulikuwa wa watu mia nne. Kumbi zetu zote, tunazoozeshea watoto wetu, ni za watu mia tatu, mia nne. Marehemu aliitwa kutoa maoni akaenda na suti yake ya harusini. Mwakilishi wa wenye kumbi akalalamika kwamba kuongeza usalama ni ghali. Kaka yetu akamjibu, “Mwanangu, mnyororo ndio mlionunua. Kuuondoa ni bure.”

Mwenyekiti wa kamati akamtuliza: “Mzee wangu, tusiwatie wananchi hofu. Mambo haya yanakwenda hatua kwa hatua.”

“Mheshimiwa, kazi yangu ni kuchelewesha watu. Mimi nikisema ‘bado kidogo’, wali unapoa. Nyinyi mkisema ‘bado kidogo’, tunazika.”

Na muswada wenyewe haukuomba makubwa. Uliomba mlango ufunguke kwa ndani bila ufunguo watu wakiwamo. Uliomba kila ukumbi uwe na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye wa kuulizwa, wahudumu wafundishwe la kufanya hatari ikitokea, na mkaguzi apite bila kupiga simu ya kuwaonya. Basi. Siku ile ya maoni marehemu alirudi nyumbani akavua koti. Tulipomuuliza yalivyokwenda, alituambia jinsi jengo la bunge lilivyo: ukuta mpya, mashine ya kukagua mikoba, na kila upande mlango wa dharura wenye taa ya kijani juu yake. “Kumbe wanajua,” alisema. “Wanajua kila kitu. Wamejifanyia wao.” Fedha za ukuta ule zilipitishwa katika kikao kimoja; muswada wa pili ulifia mezani.

Kwa kuwa sheria haikuja, aliitunga ya kwake. Mtu aliyetaka Bwana Shangwe ashereheshe ilibidi akubali sharti moja: maharusi wataingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, wakicheza, na msafara wote nyuma yao. Maharusi wakipita nyuma, mnyororo lazima ung’oke, masanduku ya soda yaondolewe njiani, na kila mgeni aone kwa macho yake mlango uko wapi. Alipoteza kazi nyingi kwa sharti hilo. Mama mmoja wa bibi harusi alimjia juu:

“Yaani mwanangu, na shela lote hili, apite jikoni katikati ya masufuria?”

“Mama mkwe,” alimwambia, naye hakuwa mkwewe hata kidogo, “leo apite jikoni anacheza, ili siku ya siku asipite jikoni anatambaa.”

Mama yule alinuna. Kisha ngoma ikalia, wapishi wakapiga masufuria kwa miiko, na bibi harusi akaingia kwa kishindo ambacho mlango wa mbele haujawahi kukiona. Mwishowe watu waliipenda. Siku hizi vijana wanadhani ni mtindo. Kaeni na wanenu muwaambie ulitoka wapi.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 2016. Daktari alimkataza ngazi, chumvi na hasira. Chumvi aliiacha. Ngazi za kupanda roshani ya wageni bungeni aliendelea kuzipanda kila muswada ulipotajwa, na binti yake, ambaye ni muuguzi, akimfuata nyuma na vidonge mkononi. Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, muswada wa tatu ulipangwa kupigiwa kura, safari hii ukiwa na kumbi ndogo ndani yake. Alivaa ile suti. Alikaa tangu asubuhi. Mchana ikatangazwa kwamba akidi haikutimia: wabunge waliokuwamo hawakutosha kupiga kura. Alimuuliza binti yake, “Wako wapi?” Alishuka ngazi akiwa ameshika kifua. Alilazwa jioni hiyohiyo, na Alhamisi, tarehe 6 Novemba, asubuhi, akafariki dunia, watoto wake wote wawili wakiwa wamemshika mikono.

Cheti kinasema ni moyo. Hatubishani na daktari. Sisi tuliokula naye tunasema pia ni viti vitupu.

Waheshimiwa kadhaa walituma ujumbe kwamba watafika leo, na kwamba wangeomba dakika tano za kusalimia. Tumewawekea viti. Kivuli kipo, maji yapo, mmekuja msibani na mgeni hafukuzwi. Kipaza sauti hatutawapa. Hiki tunachokisomea ni chake mwenyewe, na kikizimwa baada ya sala hakitawashwa kwa pole ya mtu ambaye Jumanne ile kiti chake kilikuwa kitupu. Muswada unarudi Jumanne ijayo. Salamu zenu zipelekeni huko, mkae, mhesabiwe. Na atakayekwenda kuuchuja tena, asije tena kwenye matanga yetu.

Marehemu ameacha watoto wawili, fundi umeme na muuguzi. Mkwe mmoja, wajukuu wanne, dada wawili na mdogo mmoja wa kiume. Ameacha pia bibi harusi wa siku ile, ambaye kila tarehe 18 Juni alimletea chakula, na leo yuko miongoni mwa watakaobeba jeneza. Na ameacha maharusi wasio na idadi, walioingia kwa mlango wa nyuma.

Agizo lake la mwisho kwetu lilikuwa hili: “Siku yangu, nitoeni kwa geti la nyuma. Na muangalie, kuna mtu atakuwa ameliziba.” Kwa hiyo tunaomba, bila kuangalia anatembelea gari gani: aliyeegesha mbele ya geti la nyuma aliondoe sasa hivi. Tutakaa kimya mpaka aliondoe.

Geti likifunguka, wabebaji wamnyanyue, na sote tumfuate kwa njia hiyo, tuione, tuijue. Bwana Shangwe, umetoka. Apumzike kwa amani.