Shangazi Aliyesikia Maji kwa Meno

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka arobaini na mmoja na miezi miwili ya utumishi, Shangazi wetu wa kitengo cha matengenezo anastaafu. Jina lake limo kwenye cheti atakachokabidhiwa, lakini tangu nianze kazi hapa sijamsikia mtu akilitumia. Mkurugenzi humwita Shangazi, mlinzi wa getini humwita Shangazi, na mume wangu (tuna wiki tisa tu za ndoa, mnivumilie, neno hilo bado ni tamu mdomoni) naye alimwita Shangazi siku ya kwanza alipomwona, kana kwamba amelelewa naye.

Aliingia hapa akiwa binti wa miaka kumi na tisa, kwenye ukumbi wa kufuma, mitambo mia mbili na arobaini ikigonga kwa pamoja. Wakati huo jengo hili lilijaa watu wa kazi ambazo leo ukizitaja vijana wanacheka: wachambua pamba, waunga nyuzi, wapaka wanga, wazungusha mapipa ya rangi. Miaka kumi na mitatu ya kelele zile ilimla masikio. Kiwanda kilipofungwa na mitambo ikauzwa kama vyuma chakavu, wenzake walitawanyika, kila mtu na lwake. Jengo likageuzwa ofisi hizi zetu, naye akabakizwa kuangalia vijito.

Wengi wetu hatujui kwamba chini ya sakafu hizi kuna vijito vitatu. Wenye kiwanda wa kwanza walivifunika kwa mawe ili wapate maji ya rangi karibu, mitaa ikajengwa juu yake, jiji likasahau. Bado vinapita, vikibeba taka. Vikiziba, maji hupanda kupitia sakafu za watu wa mtaa wa chini.

Kazi ya Shangazi ilikuwa kugundua vinakoziba mapema. Kwa kuwa masikio yalishakufa, watu aliwasoma midomo, na maji aliyasikiliza kwa meno. Ana nondo inayomfika kifuani. Huisimamisha sakafuni, huinama, huuma ncha ya juu na kufumba macho, na mtetemo wa maji hupanda kwenye chuma hadi kwenye taya. Wageni walidhani ni mganga. Mkaguzi mmoja aliwahi kumuuliza kama hajapata kifungua kinywa. Shangazi alimjibu nondo ikiwa bado mdomoni, "Bado, baba, nangoja cha kwako."

Miaka sita iliyopita aliuma nondo kwenye korido ya stoo, akasema kijito cha kati kimebana pumzi. Mafundi walinung'unika, wakashuka, wakatoa boriti ya mtambo wa zamani iliyonasa magunia na matambara, lundo kubwa kama ndama. Siku mbili baadaye mvua ilinyesha kutwa kucha. Mtaa wa chini walilala pakavu, na hakuna aliyekuja kushukuru, maana hakuna aliyejua.

Sasa nifike panaponiuma. Mwezi Aprili tuliambiwa nafasi yake haitajazwa. Kwenye ramani ya jiji hakuna kijito, kwa hiyo hakuna kazi. Mfuniko mkubwa ulio kwenye chumba cha zamani cha rangi, njia pekee iliyobaki ya kushukia vijitoni, utamwagiwa zege ili pawe ukumbi wa mikutano. Shangazi aliomba kitu kimoja tu: apewe mtu wa kumrithisha. Nilinyoosha mkono mimi. Nisidanganye, haukuwa ushujaa. Chumba tulichopanga mimi na mume wangu, chumba chetu cha kwanza, chenye pazia la njano alilolitundika mwenyewe likapinda, kiko mtaa wa chini.

Wiki saba niliuma chuma. Nilionja kutu, nilihisi baridi, maji sikuyasikia. Kisha asubuhi moja, karibu na ngazi, nikayapata! Du, du, du, laini, ya kupendeza. Nilirukaruka kama mtoto. Shangazi aliniwekea vidole viwili shingoni, akangoja, akatikisa kichwa.

"Hayo si maji, mwanangu. Huo ni moyo wako. Popote nikikusimamishia nondo utasikia huohuo."

Mafundi walicheka wiki nzima, na hadi leo wananiita Bi Harusi wa Nondo. Nami nilicheka nao, halafu nikajifungia stoo nikalia.

Tukajaribu ramani. Mchoraji wa ofisi alikaa naye siku tatu, penseli mkononi.

"Sehemu ya kwanza ya kusikilizia ni wapi, Shangazi?"

"Pale alipokaa yule mpaka wanga mwenye mwanya."

"Na leo pale ni wapi?"

Hakujua. Ya pili, alisema, iko chini ya benchi la dada wawili waunga nyuzi. Ukuta ulishavunjwa, benchi lilichomwa, dada wote wawili wamezikwa. Vijito vyote kichwani mwake vinapita chini ya watu, na watu hao hawapo tena. Kati ya sehemu kumi na tisa tulizipata nne.

Jumatatu gari la zege lilifika. Waashi walizima mashine kwa heshima yake. Aliuma nondo juu ya mfuniko ule, muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona, kisha akaipangusa kwa upindo wa gauni.

"Tumwage, Shangazi?" aliuliza kiongozi wao.

"Mwageni. Nimewaandikia wakubwa mara tatu. Mdomo nao huchoka."

Tulipokuwa tukitoka alinishika mkono. Kijito cha kati kinaziba tena, aliniambia, mbali, upande wa kwenu, na safari hii hawezi kusema ni wapi. "Hameni kabla ya mvua." Nilipanda mbio hadi kwa meneja. Alinisikiliza kwa upole, akanionyesha dirishani. Zege lilikuwa limeshasawazishwa.

Hatujapata pa kuhamia. Mume wangu, kipenzi changu huyo, ameinua kitanda juu ya matofali, mawili kila mguu, akasema sasa tutalala kama wafalme. Nilimkumbatia nikacheka ili asinione usoni.

Shangazi anakwenda kuishi kwa mdogo wake, nyumba iliyo juu kilimani. Shangazi wetu, ahsante kwa miaka yote ambayo watu waliamka, wakashusha miguu kitandani na kukanyaga pakavu. Tunakuombea usingizi mrefu, wajukuu wenye kelele usizozisikia, na siku nyingi za kutoinamia chochote. Kaa salama huko juu. Na mvua ikianza, tafadhali, usishuke.