Kuwadekeza Wafanyakazi

"Bima ya afya? Huko ni kuwadekeza," alisema mwenye kiwanda cha mikate aliyeketi mbele yangu kwenye basi, mkono umefungwa bandeji. "Mshahara nawapa. Niwape na afya?"

"Kweli, kaka," akajibu mama aliyeketi kando yake, mfua nguo wa hotelini. "Ukiwatibu watazoea kupona." Mwajiri akaitikia kwa kichwa, maskini, akidhani amepata mwenzake.

"Mkono umefanyaje?" mama akauliza.

"Mashine ya kukatia mikate. Nimeshonwa bure, kwa kadi ya mke wangu. Ofisi yao inawakatia bima wote, hadi waume."

"Na mfanyakazi wako akikatwa na mashine hiyo hiyo?"

"Nampa pole."

"Basi pole sana, kaka. Imekutosha, au kadi bado unaihitaji?"

Basi likasimama hospitali. Bwana akashuka, kadi kaishika kwa ule mkono mzima.