Msichana wa Kizingitini

Kijiwe chetu kinatazamana na lango la Jumba la Taifa la Sanaa, lililofungwa kwa ukarabati tangu paa lianze kuvuja. Mabati ya uzio yameshaota kutu. Kila jioni huja watu wale wale watatu na kuagiza kahawa: Profesa, mwalimu mstaafu wa historia, Waya, fundi umeme, na Afande, mlinzi wa jumba, ambaye sasa analinda kuta. Jioni hiyo walirudia mada yao ya kale: jumba lilianzaje. Wanakubaliana jambo moja tu, kwamba lilianza na picha moja, ya msichana aliyeketi kizingitini.

— Waziri ndiye aliyelianzisha, alisema Profesa. Alikwenda ng'ambo, akaona wenzetu wanalo, akarudi na wivu.

— Wivu wapi! alidakia Waya. Hili lilikuwa ghala la pamba. Pamba ikaisha, wakakosa cha kuweka. Mtu akasema, basi tundikeni picha.

— Ghala lenye ngazi za marumaru?

— Enzi hizo pamba ilikuwa pamba, ndugu yangu.

— Nyote hamjui kitu, alisema Afande. Picha ililetwa Ikulu. Mke wa rais akaing'ang'ania, lakini kila ukuta wanaoitundika, inaanguka. Usiku mmoja, puu! Ndipo ikajengewa nyumba yake, kama mke wa pili.

— Na paa wakasahau.

— Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu hujenga ukuta, alisema Profesa.

— Wahenga gani hao?

— Wa kwetu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akinywa kahawa pembeni, mkoba begani, alisogea.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba.

— Huyo msichana wa kizingitini ni mama yangu. Alifariki akinizaa. Bibi aliniambia alichorwa, na picha nyingine hakuwahi kupiga. Nimetoka mbali kuja kumwona, nakuta mabati.

Profesa alisogea, akampisha kwenye benchi.

— Pole, mwanangu. Wakifungua utamwona.

— Wanafungua lini?

— Hiyo hata mkandarasi hajui, alisema Waya.

— Basi niambieni nyinyi. Anacheka, au hacheki?

Birika lilipita. Hakuna aliyenyoosha kikombe.

— Mimi nilimfungia taa, alisema Waya. Macho yangu yalikuwa kwenye nyaya.

— Mimi nimeifundisha picha yake darasani miaka mingi, alisema Profesa. Mwaka wake najua, na mchoraji... uso wake, hapana.

Mwanamke akamgeukia Afande.

— Baba, wewe ulikuwa naye chumba kimoja.

— Tangu nikiwa kijana. Lakini mlinzi picha anaipa mgongo, mwanangu. Unaangalia mikono ya watu.

— Hata wakishaondoka?

Afande aliweka kikombe chini.

— Wakishaondoka nazima taa kwanza. Ndipo nageuka.